Hitilafu Inayorudi Ina Saa Zake

"Mtandao unasumbua, tusubiri kidogo."

Maneno hayo husikika kwenye madirisha ya huduma kuanzia Tegeta na Bunju, Mapinga na Kerege, hadi Bagamoyo mjini, na anayeendelea kaskazini kupitia Makurunge na Saadani kuelekea Pangani atayakuta yamemtangulia. Anayelipia kiwanja, mgonjwa anayengoja faili lake lifunguke, mzazi anayetaka kumbukumbu namba ya kulipia ada, wote huambiwa jambo moja. Ofisa TEHAMA anaitwa, anaizima seva na kuiwasha, mambo yanakaa sawa. Baada ya siku chache maneno yaleyale yanarudi dirishani.

Hitilafu iliyotokea mara moja inaweza kuwa bahati mbaya: fundi amekanyaga kebo, nguzo imeanguka, radi ya masika imepiga. Inayorudi ina chanzo kilichokaa mahali fulani, na chanzo hicho kina tabia. Kina saa yake, kina kompyuta zake, kina siku zake za mwezi. Mara nyingi hakiko hata kwenye mtandao, ingawa mtandao ndio unaobeba lawama.

Kuzima na kuwasha bila kuchunguza ni kumpa mgonjwa wa malaria dawa ya kutuliza homa. Bagamoyo inalijua hilo kuliko miji mingi. Ni hapa ambapo Taasisi ya Afya Ifakara ina tawi lake, na ni moja ya vituo 11 katika nchi saba za Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014. Mtafiti wa huko hawezi kuandika kwamba mtoto ana malaria kwa sababu tu paji la uso ni la moto. Damu hupimwa kwanza. Ofisi nyingi haziipi seva haki hiyo.

Ili kujua cha kupima, inafaa kuelewa mfumo unavyofanya kazi. Tuseme taasisi ina makao makuu Dar es Salaam na matawi Bagamoyo, Msata, Chalinze na Pangani, na jumla ya kompyuta 300. Kila mwezi kompyuta hizo zinahitaji masasisho ya usalama, toleo jipya la programu ya uhasibu, au dawa mpya ya virusi. Hakuna fundi wa kuzunguka meza kwa meza akiwa na flashi mfukoni. Kwa hiyo makao makuu huweka seva ya usambazaji, na ndani ya kila kompyuta hukaa programu ndogo iitwayo wakala. Wakala ndiye anayeanzisha mazungumzo. Katika mfumo wa Configuration Manager wa Microsoft, kwa kawaida huuliza maelekezo kila baada ya dakika 60, na katika mfumo wa Puppet, kila baada ya dakika 30.

Swali hilo moja lina safari ndefu. Wakala hulitafuta kwanza jina la seva ili apate anwani yake. Kisha huipitia rauta ya tawi, fayawoli, na laini ya kwenda Dar es Salaam, hadi alifikie lango ambalo seva inasikiliza. Pale wanathibitishana kwa vyeti vya kidijiti. Ndipo anauliza, anapewa orodha, anapakua mafaili, anasakinisha, na kurudisha taarifa kwamba kazi imekwisha. Anaweza kukwama katika hatua yoyote kati ya hizo, na popote atakapokwama, mtumishi aliye mbele ya skrini husoma sentensi ileile: seva haijibu.

Hatua ya kwanza kabisa, ya jina na anwani, watu wengi waliiona athari yake bila kujua. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilipotea duniani kote kwa takriban saa sita. Amri ya matengenezo ilikata mtandao wa ndani wa kampuni hiyo, na seva zake za DNS, zile zinazogeuza majina kuwa anwani, zikatoweka kwenye intaneti. Seva zenyewe zilikuwa zinawaka. Ila hakuna simu wala kompyuta iliyojua ziko wapi. Tawi dogo hupata maradhi hayohayo pale seva inapohamishiwa anwani mpya huku nusu ya kompyuta zikiendelea kuikumbuka ya zamani.

Kupima kutoka ncha moja ili kujua tatizo liko umbali gani si jambo geni pwani hii. Waya wa telegrafu wa baharini ulifika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879, ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban, na katika miaka ya 1890 Bagamoyo nayo ikawa imeunganishwa na Zanzibar kwa waya. Waya ulipokatika, wahandisi hawakutuma meli kuzungukazunguka baharini. Walikaa kituoni, wakapima ukinzani wa umeme kwenye kipande kilichobaki kizima, na kwa hesabu wakajua mkato uko maili ngapi. Leo mafundi wa mkongo hutuma mwanga ndani ya nyuzi za kioo na kupima muda unaochukua kurudi. Zana zimebadilika, nidhamu ni ileile.

Nidhamu hiyo ilihitajika sana tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini. Tanzania, Kenya, Uganda na majirani zao walijikuta wakigombania njia chache zilizobaki, na ukarabati ulichukua zaidi ya wiki mbili. Kwa mtu wa mifumo, siku ngumu zaidi zilikuwa zile zilizofuata, intaneti iliporudi kidogokidogo. Mtandao uliokatika kabisa hueleweka. Mtandao unaokwenda taratibu hudanganya, kwa sababu barua pepe zinaingia, kurasa zinafunguka, lakini wakala anasema seva haijibu.

Sababu yake ni hesabu tu. Programu nyingi za ofisini hazipeleki ombi moja na kupokea jibu moja. Huenda na kurudi mara nyingi kwa kazi moja ndogo. Chukua kazi yenye safari 40 za kwenda na kurudi. Kama kila safari huchukua milisekunde 10, kazi nzima huisha kwa chini ya nusu sekunde. Kabla ya SEACOM kufika Dar es Salaam Julai 2009, na EASSy mwaka uliofuata, pwani hii ilitegemea setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya dunia, ambako kwenda na kurudi huchukua takriban nusu sekunde. Safari 40 kwa njia hiyo ni sekunde 20. Wakala aliyeelekezwa kusubiri sekunde 15 atakata tamaa kila mara, ingawa seva iko hai, umeme upo, na jibu liko njiani. Ofisi inayokutana na hitilafu ya namna hii haina haja ya seva mpya. Inahitaji kuongeza muda wa kusubiri, au kupunguza safari kwa kuweka seva ndogo kwenye tawi.

Sasa kuna saa.

Watanzania wengi walishiriki katika zoezi kubwa la kusasisha programu mwaka 2024 pasipo kuitwa mafundi. Kuanzia Julai mwaka huo, wateja wa LUKU walionunua umeme walianza kupokea mafungu matatu ya tarakimu 20 badala ya fungu moja. Wengi walidhani ni kosa la ujumbe. Kilichokuwa kinatokea ni hiki: kila tokeni hubeba ndani yake namba ya dakika iliyotengenezwa, ikihesabiwa tangu 1 Januari 1993. Mita huzikumbuka namba hizo ili tokeni iliyokwisha kutumika isikubaliwe mara ya pili. Lakini waliotunga kiwango hicho waliitengea hesabu biti 24, yaani dakika 16,777,216 na si zaidi. Ukizihesabu kutoka 1993, zinakwisha 24 Novemba 2024. Baada ya hapo namba zinaanza upya, na mita ambayo haijabadilishwa ingeiona tokeni mpya kama ya zamani na kuikataa.

Mita nyingi za nyumbani hazina mawasiliano yoyote na seva ya TANESCO. Njia pekee ya kuifikia mita ni vidole vya mteja mwenyewe. Kwa hiyo ufunguo mpya wa siri uligawanywa vipande viwili, kila kipande kikawekwa kwenye fungu lake la tarakimu 20, na fungu la tatu likabeba umeme ulionunuliwa. Bibi wa Kiromo aliyesimama kwenye kibaraza akibonyeza tarakimu 60 huku mjukuu akimsomea kwenye simu alikuwa anafanya kazi ambayo katika taasisi hufanywa na seva ya usambazaji: kupeleka sasisho hadi kifaa cha mwisho na kuhakikisha limeingia kwa ukamilifu. Makumi ya mamilioni ya mita duniani, kokote kinakotumika kiwango hicho kilichozaliwa Afrika Kusini, yalipitia zoezi hilohilo. Inafaa kulikumbuka kwa sababu tarehe ilijulikana mapema, kazi ilipangwa kwa miezi, na wananchi walipewa nafasi ya kulimaliza kabla ya siku yenyewe. LUKU ilikuwa na kumbukumbu nyingine isiyopendeza, ya Mei 2021, wateja waliposhindwa kununua umeme kwa siku kadhaa na foleni zikajaa kwenye ofisi za shirika. Safari hii saa ilitangulizwa mbele ya hitilafu.

Ndani ya ofisi, saa husumbua kwa njia ya kimyakimya zaidi. Kwenye ubao mkuu wa kila kompyuta kuna betri ndogo ya mviringo inayoitunza saa mashine ikiwa imezimwa. Betri hiyo hufa baada ya miaka kadhaa. Umeme ukikatika, kompyuta huamka ikidhani ni mwaka ambao ilitengenezwa. Inapojaribu kuzungumza na seva huona cheti cha seva kina tarehe ya siku zijazo, na hukikataa. Hata tofauti ndogo inatosha: katika mtandao wa Windows wenye kuingia kwa majina ya pamoja, saa za pande mbili zikipishana zaidi ya dakika tano, seva haimtambui mtumiaji. Dalili yake ni rahisi kuisoma kwa anayeitafuta. Hitilafu huzikumba kompyuta zilezile za zamani, na huja asubuhi baada ya usiku ambao umeme ulikatika. Tiba ni betri inayouzwa kwenye maduka ya kawaida na agizo kwa kila kompyuta kuchukua saa kutoka kwenye seva moja. Taasisi zimewahi kubadilisha rauta nzima kwa ajili ya betri hiyo.

Umeme unaporudi huleta jambo la pili. Kompyuta zote za tawi huwaka ndani ya dakika mbili tatu, na mawakala wote hukimbilia seva kwa pamoja. Ndivyo ilivyo pia saa 2 asubuhi ya Jumatatu. Tuseme sasisho lina ukubwa wa gigabaiti 1, tawi lina kompyuta 30, na laini ni ya megabiti 10 kwa sekunde. Kila kompyuta ikilivuta peke yake kutoka Dar es Salaam, laini itashikwa kwa zaidi ya saa sita na nusu, na siku nzima dirishani watasema mtandao unasumbua. Sasisho likishuka mara moja kwenye seva ndogo ya tawi, kisha kompyuta zikalichukua hapo, laini hiyo inashikwa kwa dakika 13 au 14. Windows yenyewe tangu toleo la 10 inaweza kuziagiza kompyuta za ofisi moja zigawiane mafaili. Kinachotakiwa ni mtu wa kukaa na kuipanga hivyo, na kuzitawanya saa za mawakala ili wasigonge lango kwa pamoja.

Hitilafu yenye namba 503, maana yake huduma haipatikani, ni mfano mzuri wa jinsi kuwasha upya kunavyoficha ukweli. Katika WSUS, seva ya masasisho ya Windows, sehemu inayopokea maombi imewekewa kikomo cha kumbukumbu. Orodha ya masasisho ya zamani yasiyotumika ikiachwa bila kusafishwa mwaka baada ya mwaka, kila ombi linakuwa zito, kikomo kinafikiwa, sehemu hiyo inajizima. Ukiiwasha inafanya kazi vizuri, hadi kompyuta zitakapoanza kuuliza tena. Anayeitazama namba na saa za kutokea kwake atagundua kwamba seva huanguka kila inapolemewa. Ataongeza kikomo, atasafisha orodha, na hatalazimika kurudi wiki ijayo.

Kuna hitilafu nyingine inayotoka kwenye haraka ya kufungua ofisi mpya. Fundi huandaa kompyuta moja vizuri, kisha hunakili diski yake kwenye nyingine 20. Kazi ya wiki humalizika kwa siku moja. Tatizo ni kwamba namba ya utambulisho ya wakala nayo inanakiliwa. Mbele ya seva, kompyuta zote 20 ni moja tu inayobadilika tabia: leo inaonekana iko mapokezi, kesho uhasibu, mchana imesasishwa, jioni haijasasishwa. Kila moja hufuta taarifa ya mwenzake. Hakuna kebo itakayotibu hilo. Namba ya zamani ifutwe kwenye kila kompyuta, huduma ya wakala iwashwe upya, na kila mmoja atapewa namba yake.

Na ipo ile inayowatesa hata wazoefu. Fundi wa tawi hupima kwa kutuma ujumbe mdogo wa majaribio kwa seva, unakwenda na kurudi bila shida. Anasema mtandao ni mzima. Lakini mafaili hayapiti. Mtandao wa kawaida wa ofisi hubeba vifurushi vya hadi baiti 1,500. Tawi linapounganishwa na makao makuu kwa njia ya siri inayopita ndani ya intaneti, sehemu ya nafasi hiyo huchukuliwa na kinga yenyewe, na kifurushi kilichojaa hakitoshi tena. Kama kifaa fulani njiani kimezuiwa kurudisha taarifa ya "punguza ukubwa", vifurushi vikubwa hupotelea njiani bila taarifa, huku vidogo vikipita. Kipimo kinachofaa ni kutuma ujumbe mkubwa, si mdogo, na kuupunguza hatua kwa hatua hadi upite.

Mafundi wazuri kwenye kazi hii wanafanana kwa jambo moja: wanaandika. Kabla ya kuigusa seva wananakili rekodi zake, maana kuiwasha upya kunaweza kufuta ushahidi. Wanaandika saa, kompyuta iliyoshindwa, namba ya hitilafu, hali ya umeme, hata mvua. Kwenye pwani yenye hewa ya chumvi mvua si jambo la kupuuzwa, kwani pini za shaba kwenye soketi za kebo huliwa na kutu, na muunganiko unaoshika vizuri wakati wa kiangazi huanza kukatikakatika unyevu unapoongezeka. Wanapima kutoka pande zote mbili, tawi na makao makuu. Wanabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha wanasubiri. Wasimamizi wengi hawaupendi usubirifu huo, wanataka huduma irudi sasa hivi. Lakini nusu saa ya kupima leo ni nafuu kuliko foleni ya kila Jumatatu, na gharama ya foleni hulipwa na aliyepanda gari tangu alfajiri kutoka kijijini.

Upo pia uamuzi wa mapema, wakati mfumo unajengwa: je, ofisi iweze kufanya kazi seva isipopatikana? Programu ya DHIS2, inayotumiwa na nchi nyingi kukusanya takwimu za afya, Tanzania ikiwemo, ina toleo la simu linalohifadhi taarifa kwenye kifaa na kuzituma mawasiliano yakirudi. Kwa pwani ambayo mkongo hukatika na umeme hukatika, huo unapaswa kuwa msingi wa kila mfumo wa umma. Kinyume chake, mawasiliano mazuri bila tahadhari nayo yana hatari: tarehe 19 Julai 2024 seva za kampuni ya CrowdStrike zilisambaza faili lenye kasoro bila tatizo lolote la mtandao, na kompyuta takriban milioni 8.5 za Windows zikazimika duniani. Nyingi zilihitaji mtu wa kuzifikia kwa mikono. Sasisho lianze kwenye kompyuta chache za tawi moja, likae siku mbili, ndipo liende kwingine.

Vyeti vya kidijiti ndivyo vitakavyowapa kazi zaidi maofisa TEHAMA miaka hii. Tarehe 6 Desemba 2018 cheti kilichokwisha muda ndani ya programu ya Ericsson kiliwakatia data mamilioni ya wateja wa O2 nchini Uingereza na kuwaathiri wa SoftBank nchini Japani. Wakati huo cheti kingeweza kudumu zaidi ya miaka miwili. Kuanzia 2020 kikomo cha vyeti vya umma kikawa siku 398. Ratiba iliyokubaliwa Aprili 2025 inakipunguza hadi siku 200 kuanzia 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia Machi 2027, na siku 47 kuanzia Machi 2029. Ofisi inayobadilisha cheti cha seva yake mara moja kwa mwaka, kwa mkono, baada ya mteja kulalamika, itatakiwa kufanya hivyo angalau mara nane kwa mwaka. Programu za kuvibadilisha zenyewe zipo na nyingine ni za bure. Kinachobaki ni kila taasisi kutoka Bunju hadi Pangani kuorodhesha vyeti vyake vyote, mahali vilipo na siku vinapokwisha, na kumkabidhi mtu mwenye jina kazi ya kuitunza orodha hiyo.